KOSA LA ULIMI NA KOSA LA MOYO

Liko jambo moja la ajabu katika tabia ya wanadamu. Mtu akifika mkutanoni kwa kuchelewa saa nzima, watu humsogezea kiti na shughuli huendelea. Akisema uwongo kwa ufasaha, aghalabu husikilizwa hadi mwisho. Lakini akisimama kusema neno la kweli kwa Kiingereza, naye akamtaja mama mwenyekiti kwa neno "he" badala ya "she", papo hapo watu hutazamana, vicheko hubanwa, na neno lake la kweli huanguka chini lisiokotwe na mtu. Kosa la herufi moja limeishinda hoja nzima.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Waingereza na Wamarekani, ambao lugha hiyo waliinyonya pamoja na maziwa ya mama zao, nao huchekana na kukasirikiana kwa ajili ya makosa ya sarufi. Mwaka 2003 mwandishi Mwingereza Lynne Truss alitoa kitabu kidogo juu ya alama za kuandikia tu, yaani nukta, koma na ndugu zake, akiwalaumu wale wanaozitumia ovyo. Nacho kikanunuliwa kwa mamilioni. Kitabu cha koma kushindana madukani na hadithi za mapenzi na za upelelezi! Lazima basi iko sababu iliyojificha ndani ya mioyo ya watu, nayo yafaa itafutwe.

Tungependa leo kuuliza maswali mawili. La kwanza: kwa nini makosa ya sarufi huwaudhi watu kiasi hicho? La pili, nalo ndilo zito zaidi: mtu aliyeudhika ana haki gani juu ya mwenzake aliyekosea?

Kabla ya kujibu hatuna budi kutenganisha mambo, maana si kila kinachoitwa kosa ni kosa, wala makosa yote hayana uzito mmoja.

Yako kwanza makosa yanayoharibu maana. Katika jimbo la Maine, nchini Marekani, sheria ilitaja kazi ambazo mwenye kuzifanya hana haki ya kulipwa nyongeza kwa saa za ziada: kusindika vyakula, kuvikausha, kuviweka ghalani na kadhalika. Mwisho wa orodha ilitajwa kazi ya kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza. Je, kusambaza ni kazi ya peke yake, au ni sehemu ya maelezo ya kufungasha? Lau kama koma ingalikuwapo mbele ya neno "au", madereva waliokuwa wakisambaza maziwa ya kampuni moja ya huko wasingalikuwa na la kusema. Koma haikuwapo. Mwaka 2017 mahakama ya rufani iliamua kwamba maneno hayo yana utata, na kwamba utata huo uwafae madereva. Na mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Mbele ya habari kama hii hakuna mwenye akili atakayesema kwamba sarufi ni mchezo wa walimu. Anayeandika sheria, mkataba, cheti cha dawa au maagizo ya mashine, akiandika ovyo, aweza kumnyima mtu riziki yake, hata uhai wake.

Yako pili makosa yanayovunja desturi bila kuharibu maana. Mwingereza hutamka maneno "there", "their" na "they're" kwa sauti moja, ingawa la kwanza lataja mahali, la pili lataja mali ya watu, na la tatu ni maneno mawili yaliyofupishwa kuwa moja. Kadhalika "its" na "it's". Mwanafunzi akiandika moja mahali pa jingine, msomaji hujikwaa kidogo kisha hupita, maana haikupotea. Tena hiyo "its" yenyewe, inayoandikwa leo bila alama ya ritifaa, katika karne ya 17 na ya 18 iliandikwa mara nyingi pamoja na alama hiyo, hata na watu wenye elimu kubwa. Desturi hiyo ni nzuri na yafaa ifuatwe, kama ilivyo vizuri magari yote ya nchi moja yapite upande mmoja wa barabara. Lakini kupita kushoto si utakatifu, wala kupita kulia si dhambi, ni mapatano.

Yako tatu mambo yanayoitwa makosa kwa sababu mtu mmoja aliyachukia, na wengine wakaja wakaigeuza chuki yake kuwa amri. Mshairi John Dryden, mwaka 1672, alimlaumu mwandishi aliyemtangulia, Ben Jonson, kwa kumalizia sentensi na vijineno kama "of" na "from". Hakuna aliyekuwa amekataza jambo hilo kwa nguvu kabla yake. Kisha Dryden akarudi kupekua maandiko yake mwenyewe, na alipopiga chapa upya mwaka 1684 akaziondoa sentensi za namna hiyo. Tangu hapo watoto wa shule wamechapwa viboko kwa ajili ya jambo ambalo kila Mwingereza hulifanya akizungumza na mkewe. Mwaka 1770 Robert Baker alisema kwamba yeye angependelea neno "fewer" kwa vitu vinavyohesabika na "less" kwa visivyohesabika, kama sisi tusemavyo watu wachache lakini maji kidogo. Alisema kwamba angependelea tu. Lakini yaliyokuwa mapendeleo yakawa sheria, hata mwaka 2008 duka kubwa la Tesco huko Uingereza likabadili vibao vyake vya mahali pa kulipia ili kuwaepuka watu waliolalamika juu ya neno hilo moja. Naye Henry Alford, mkuu wa kanisa kuu la Canterbury, mwaka 1864 aliwakemea wanaoweka neno lingine kati ya "to" na kitenzi chake. Na hata leo wako wanaoshtuka wakiona hivyo, ijapokuwa hawawezi kueleza ni madhara gani yaliyotokea.

Kadhalika habari ya kukanusha mara mbili. Mwingereza wa mtaani akisema kwamba hakuona si kitu, wenye elimu humwambia kwamba kanusho mbili huuana, na kwa hiyo amesema kwamba aliona kitu. Ni hoja ya hesabu, nayo ilitiwa nguvu katika karne ya 18 na vitabu kama kile cha Robert Lowth cha mwaka 1762. Lakini Chaucer, aliyefariki mwaka 1400 na ambaye Waingereza humwita baba wa ushairi wao, alilundika kanusho mbili, tatu, hata nne katika sentensi moja ili kukaza maneno yake. Warusi na Wahispania hufanya hivyo mpaka leo, wala hakuna anayewadhania kwamba wanasema ndiyo wanaposema hapana. Lugha si hesabu. Ni mapatano ya watu wanaosikilizana.

Yako mwisho makosa ya mtu anayejifunza, na maneno ya mtu ambaye lugha ya kwao ina sarufi tofauti na ile ya vitabuni. Hapa ndipo sisi tuliokulia katika Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu tunapohusika zaidi. Mtu wetu huchanganya "he" na "she" kwa sababu sisi twasema "yeye" kwa mume na kwa mke pasipo tofauti, wala hatukuona kwamba twapungukiwa na kitu. Huacha vijineno "a" na "the" kwa sababu lugha yetu yapita salama bila hivyo. Akiulizwa, "Hujala?", naye hajala, hujibu "ndiyo", maana anakubaliana na maneno ya muulizaji, Mwingereza katika hali hiyohiyo hujibu "no", maana anakanusha kula. Mgeni asiyejua hayo humdhania mtu wetu kuwa mjinga au mwongo. Kumbe ni mtu mwenye utaratibu, ila utaratibu wake ni wa nyumba nyingine.

Basi tukishatenganisha hivyo, turudi kwenye swali letu la kwanza. Kwa nini watu huudhika? Twaona sababu nne.

Ya kwanza ni ya mwili. Sikio lililozoea njia moja hushtuka likipelekwa njia nyingine, kama mguu unaposhuka ngazi na kukuta daraja moja halipo. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham walitoa habari kwamba Waingereza waliposikilizishwa maneno yenye makosa ya sarufi, mapigo ya mioyo yao yalibadilika kwa namna ya mtu aliyeshtuliwa. Basi mshtuko huo haukutoka katika ubaya wa nia, wala si haki kumlaumu mtu kwa ajili yake. Lakini mshtuko ni kitu kimoja, na dharau ni kitu kingine. Wa kwanza watujia bila kualikwa; ya pili twaikaribisha wenyewe na kuipa kiti.

Ya pili ni ya jasho. Aliyejifunza sarufi kwa viboko na kwa machozi, akakesha na kibatari mpaka akazijua kanuni zote, huona uchungu anapomwona mwingine akizivunja bila adhabu wala aibu. Ni kama mtu aliyelipa kiingilio mlangoni, kisha akawaona wengine wanaruka ukuta. Uchungu huo twauelewa. Lakini yafaa akumbuke kwamba lugha si uwanja wa mpira. Aliyeingia kwa kuruka ukuta hakumnyang'anya yeye kiti chake.

Ya tatu ni ya daraja la mtu. Tangu zamani ulimi umetumiwa kuwa kipimo cha nani ni wa kwetu na nani si wa kwetu. Wasomaji wetu wanaikumbuka habari ya Kitabu cha Waamuzi, jinsi watu wa Gileadi walivyokaa kwenye vivuko vya Yordani na kumwamuru kila mpita njia atamke neno "shibolethi". Na Mwefraimu, ambaye ulimi wake haukuiweza sauti ile ya kwanza, alichinjwa palepale, hata wakafa watu 42,000. Huko Uingereza hakuna anayechinjwa, lakini George Bernard Shaw katika mchezo wake wa Pygmalion, ulioonyeshwa kwanza mwaka 1913, alionyesha jinsi msichana muuza maua anavyoweza kufungiwa milango yote kwa matamshi yake tu, na kufunguliwa yote akiyabadili, ijapokuwa moyo wake na akili yake ni vilevile. Anayeangalia vizuri ataona kwamba mara nyingi mtu hachukii kosa lenyewe, bali hufurahi kwamba kosa limemtambulisha mwenzake kuwa wa chini. Na dalili yake ni hii: kosa lilelile likifanywa na tajiri au mkubwa huitwa mtindo.

Ya nne ni ya tabia. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Michigan, Julie Boland na Robin Queen, waliwapa watu 83 barua za waombaji wa chumba katika nyumba ya kushirikiana, nyingine safi na nyingine zenye makosa, wakawaomba wawapime waandishi wake. Walikuta kwamba watu wasio wepesi wa kupatana na wenzao ndio waliowahukumu kwa ukali zaidi wale waliochanganya maneno kama yale tuliyoyataja juu. Hatusemi kwamba kila mpenda sarufi ni mgomvi; hasha. Twasema tu kwamba ukali wetu juu ya makosa ya mwingine huenda ukaeleza habari zetu zaidi kuliko habari zake.

Hizo ndizo sababu. Sasa lile swali la pili, la haki.

Mtakatifu Agustino alizaliwa Tagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, na kabla ya kuwa askofu alikuwa mwalimu wa ufasaha wa maneno huko Karthago, Roma na Milano. Basi hakuna awezaye kusema kwamba aliidharau sarufi kwa kutoijua. Katika kitabu chake cha Maungamo, alichokiandika karibu na mwaka 400, alistaajabia jambo moja alilolijua vizuri kwa kazi yake. Katika Kilatini neno la kumtaja mwanadamu lilianza kwa sauti ya h, na watu wengi wa mitaani walikuwa wakiiacha. Agustino aliona kwamba mtu aliyeiacha h hiyo aliwachukiza wasomi kuliko mtu aliyemchukia mwanadamu mwenyewe. Msemaji angeweza kusimama barazani na kumwangamiza jirani yake kwa maneno ya chuki, naye asiogope neno, ila aogope tu asije akakosea sarufi katika maneno hayo ya kuangamiza.

Miaka 1,600 imepita, na herufi ileile bado yasumbua watu. Huko London mtu anayeiacha h mwanzoni mwa neno hujulikana mara moja kuwa ametoka mitaa ya wafanya kazi. Kwetu sisi, wako wanaosema "atari" badala ya hatari, na wako wanaoogopa kosa hilo mno hata wakaitia h mahali isipotakiwa, wakaandika "haina ya vyakula" badala ya aina ya vyakula. Na sisi, kama wasomi wale wa Kilatini, hucheka. Swali la Agustino lingali latungoja: ni lipi limetuchoma zaidi wiki hii, h iliyopotea katika neno la mtu, au mtu mwenyewe aliyepotea katika mapenzi yetu?

Jambo hili si la nadharia. Mwaka 2013, katika jimbo la Florida nchini Marekani, George Zimmerman alishtakiwa kwa kumwua kijana Trayvon Martin, aliyekuwa na umri wa miaka 17. Shahidi mmoja mkubwa alikuwa msichana aliyekuwa akizungumza na kijana huyo kwa simu dakika za mwisho za uhai wake. Alitoa ushahidi kwa saa nyingi katika muda wa siku mbili. Lakini alisema Kiingereza cha Wamarekani wengi wenye asili ya Afrika, ambacho kina kanuni zake thabiti, ila si zile za vitabu vya shule. Nje ya mahakama watu wengi walimdhihaki kwa ajili ya usemi wake. Na mmoja wa wazee wa baraza la mahakama alisema baadaye kwamba maneno yake yalikuwa magumu kueleweka na kwamba hakumwona kuwa wa kuaminika. Mshtakiwa aliachiliwa. Wataalamu John Rickford na Sharese King, walioichunguza habari hiyo na kuiandika mwaka 2016, walionyesha kwamba usemi wa shahidi ulikuwa na utaratibu kamili, na kwamba kutoeleweka kwake na kudharauliwa kwake viliufanya ushahidi wake usipewe uzito uliostahili. Hatusemi kwamba twajua hukumu ingalikuwa ipi. Twasema kwamba mtu aliitwa aseme aliyoyasikia rafiki yake akiwa karibu kufa, na watu wakasikiliza sarufi yake.

Hapo ndipo ilipo hatari tunayotaka kuionyesha. Dharau kwa kosa la ulimi huziba masikio ya msikilizaji. Asiyesikia hawezi kutenda haki. Hakimu, daktari, karani wa ofisi, mwajiri, mwalimu, wote hawa huamua mambo ya watu kwa kuwasikiliza. Na kila mmoja wao aweza kuudhika kwa kosa la neno hata akakosa kuisikia shida. Kwa sababu hiyo ni jambo la kushukuru kwamba Tanzania mwaka 2021 ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, mwananchi apate kushtaki na kujitetea kwa lugha anayoiweza. Lakini sheria hiyo haimalizi neno, maana hata katika Kiswahili mtu wa pwani humcheka wa bara, na wa Dar es Salaam humcheka wa Nairobi na wa Lubumbashi. Tusisahau kwamba Kiswahili sanifu chenyewe ni mapatano. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wake, ijapokuwa wako waliotetea Kimvita. Kama shauri lingaliamuliwa vingine, huenda mtoto anayeandika "njia" angalisahihishwa kwa wino mwekundu aandike "ndia". Je, angalikuwa mjinga zaidi kuliko alivyo leo?

Dharau ina tunda lingine chungu: huzaa makosa mapya. Watoto wa Kiingereza hukemewa sana kwa kusema "me" mahali pa "I", hata wakikua huliogopa neno "me" kama moto, nao husema "between you and I" mahali ambapo kanuni yataka "me". Ni kosa la watu waliotishwa. Na ili wenye kucheka wapunguze kicheko chao, na wajue kwamba kosa la namna hiyohiyo limo katika barua ya Antonio ndani ya mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Julius Nyerere aliufasiri mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Huko kwetu tunda la dharau ni kimya. Katika shule nyingi za Afrika Mashariki mtoto aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alivikwa kibao shingoni. Ngũgĩ wa Thiong'o ameyaeleza mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya kuikomboa akili. Mtoto aliyeaibishwa hivyo hajifunzi kusema vizuri. Hujifunza kunyamaza, na aliyenyamaza hakosei kamwe, wala haendelei kamwe.

Labda msomaji atauliza: "Je, mwataka basi kila mtu aseme apendavyo, na walimu waweke chini chaki zao?" La, sivyo. Mwenye kusema ana deni kwa anayemsikiliza: atafute neno lililo wazi, apange maneno yake kwa adabu, asome tena alichoandika kabla ya kukituma. Kuandika ovyo kwa makusudi, huku ukimwachia msomaji kazi ya kufumbua, ni kumdharau msomaji. Na mtoto wa maskini ana haki ya kufundishwa Kiingereza kilicho safi na Kiswahili kilicho safi sawasawa na mtoto wa tajiri. Mwalimu anayemwacha akosee kwa kisingizio cha huruma amemwibia. Kanuni na zifundishwe, tena kwa bidii. Ila zifundishwe kama zilivyo, yaani mapatano yenye faida, wala zisifanywe mizani ya kupimia utu wa watu.

Mwenye kusikiliza naye ana deni lake, nalo huja kwanza: asikie kilichosemwa kabla ya kupima namna kilivyosemwa. Akiisha kusikia, kama moyo wamsukuma kusahihisha, na ajiulize maswali matatu. Je, ni kazi yangu? Mwalimu, mzazi, mhariri, na rafiki aliyeombwa, hao wana haki. Mpita njia hana. Je, maana imepotea, au ni sikio langu tu lililoshtuka? Ikiwa maana imepotea, aulize kwa upole, "Umesema nani?", kwani kuuliza si ujinga. Na tatu, je, nitamsahihisha faraghani, au nataka watu wanione nikimsahihisha? Swali hili la tatu ndilo linalofichua moyo. Anayetaka mwenzake ajue humwita kando. Anayetaka yeye mwenyewe ajulikane hupaza sauti.

Iko pia njia ya walimu wema, ambayo kila mtu aweza kuifuata. Mtoto akisema kwa Kiingereza kwamba baba yake "she" yuko nyumbani, mwalimu mwema hajibu, "Umekosea." Hujibu kwa furaha, "He is at home? Good." Neno sahihi limeingia sikioni, mtoto hakuaibishwa, na mazungumzo yameendelea. Ufundishaji wa namna hiyo hauhitaji cheti. Wahitaji subira tu.

Wala tusijivunie mno usahihi wetu, maana ulimi wa kesho hautakuwa ulimi wa leo. Mwaka 1660 George Fox, mwanzilishi wa Jumuiya ya Marafiki ambayo leo ina wafuasi wengi huko magharibi mwa Kenya, alitoa pamoja na wenzake wawili kitabu kizima cha kuwakemea waliomwambia mtu mmoja "you", neno ambalo asili yake ni la watu wengi, badala ya "thou". Kwa sarufi ya zamani alikuwa na haki kabisa. Lakini leo hakuna mwalimu wa Kiingereza anayefundisha vile alivyotaka yeye, na lile lililokuwa kosa limekuwa kanuni inayowapa watoto wetu alama za juu katika mtihani.

Basi tunapokutana na mtu aliyekosea neno, iwe katika Kiingereza cha kukopa au katika Kiswahili chetu, tukumbuke kwamba kosa lake laweza kufutwa kwa kifutio cha senti chache, tena kwa dakika moja. Lakini aibu tuliyomtia mbele ya watu huenda akaichukua mpaka uzeeni, na neno la kweli alilotaka kutuambia tusilisikie tena. Sarufi ina siku nyingi za kusahihishwa. Aliyesimama kusema ana nafasi hii moja tu, na haki yake ni kwamba asikilizwe.